Sura ya Sita: Nywele Huanza na Mkono wa Msusi

Tuchukulie kazi moja ambayo mchoraji yeyote wa pwani ya kusini ya Tanzania anaweza kujitwisha: kuurudisha mji wa Kilwa Kivinje wa miaka ya 1860 kwenye skrini ya kompyuta, na watu wake wakiwamo, ili wanafunzi wauone. Majengo hayatamshinda. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yamekwisha kupimwa kwa mitambo ya leza na wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na katika Kivinje yenyewe zimebaki kuta za kutosha kwa mtu mwenye kamera na subira. Mavazi nayo yana ushahidi wake, maana kaniki, merikani, kanzu na kofia zimetajwa sana na wafanyabiashara na wasafiri wa karne ile. Kazi huanza kuwa ngumu juu ya paji la uso. Hapo mchoraji mwenye bidii hufungua programu yake, huchagua brashi nyembamba, huanza kuvuta uzi mmoja baada ya mwingine, na akimaliza hukuta amemvisha mtu wa Kivinje kofia ya manyoya. Hoja ya sura hii ni kwamba kosa hilo halitokani na uvivu wala uduni wa kompyuta. Nywele za mtu aliyechorwa hazipati uhai kutokana na wingi wa nyuzi, bali kutokana na mpangilio ambao mkono wa mtu mwingine umeziwekea. Kwa hiyo mchoraji afuate kwanza hatua za msusi na za kinyozi, ndipo afuate hatua za programu.

Ushahidi wa kwanza ni mji wenyewe. Kivinje ilikua katika karne ya 19, baada ya Kisiwani kupoteza nguvu zake, na ukuaji wake ulitokana na njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu na sandarusi zilishuka hapo, na watumwa walishushwa hapo kwa maelfu kila mwaka kabla ya Sultani Barghash wa Zanzibar kulazimishwa mwaka 1873 kutia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wao kwa bahari. Katika mitaa ile walikutana Wayao, Wangindo, Wamatumbi, Wamwera, watu wa Nyasa, Waarabu wa Oman, Wangazija na Wahindi wa madukani. Mji wa namna hiyo hauwezi kuwa na kichwa cha aina moja. Yuko aliyenyolewa upara kwa wembe na kuvaa kofia, yuko mwenye nywele ndefu za singa zilizopakwa mafuta, yuko mwenye kipilipili kifupi, yuko aliyesukwa, na yuko aliyefika baada ya safari ndefu ya mguu, nywele zake timutimu kwa sababu hakuna aliyezigusa njia nzima. Huyu wa mwisho anatufundisha kuliko wote. Nywele zake zinasema kwamba alitenganishwa na mikono iliyokuwa ikimtunza. Mchoraji atakayempa nywele zilezile alizompa mwenye duka atakuwa ameufuta msiba wake bila kukusudia.

Lakini programu nyingi za kuumba watu wa kidijitali hazikuanza na vichwa hivyo. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walichapisha njia ya kukokotoa mwanga juu ya manyoya na nywele, wakiuchukulia kila unywele kuwa mrija mwembamba wa mviringo. Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake waliisogeza kazi hiyo mbele. Walionyesha kwamba mwali unaopiga unywele hugawanyika: sehemu moja huakisiwa na ganda la nje, sehemu nyingine hupenya na kutokea upande wa pili, na nyingine huingia, ikagonga ukuta wa ndani, kisha ikarudi imechukua rangi ya unywele. Ni kazi nzuri ya kisayansi, na mpaka leo filamu na michezo ya kompyuta huitegemea. Ila mfano uliowekwa mezani ulikuwa unywele ulionyooka au wenye mawimbi machache, na zana zilizofuata zikarithi mazoea hayo: vuta mstari, uache uanguke, uchane. Mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Yale aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Pixar, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba taaluma ya picha za kompyuta ilikuwa imezichukua sura na nywele za Wazungu kuwa ndizo za binadamu wote. Hakuishia kulalamika. Mwaka 2024 yeye na wenzake, akiwamo A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Cruz, walitoa utafiti kuhusu umbo la nywele zilizojisokota sana. Waligundua kwamba karibu na ngozi ya kichwa nyuzi hutoka kila moja kivyake, kisha kadiri zinavyosogea nje hushikana na kuzunguka pamoja. Mahali fulani uzi hugeuza ghafla upande wa mzunguko wake. Na hapa na pale uzi mmoja huchomoka kutoka katika kundi na kusimama peke yake. Mchoraji wa mkono anaweza kuyatumia mambo hayo matatu leo hii, bila kujua hesabu yoyote.

Tuyaangalie kwa macho ya mchoraji, tukianza na mwanga, kwa kuwa ndio unaofichua uongo mapema. Juu ya nywele za singa nyuzi zote hulala upande mmoja, hivyo mng'ao wao huungana na kuwa utepe unaozunguka utosi. Vitabu vingi vya kufundisha uchoraji wa kompyuta huanza na utepe huo. Unywele wa kipilipili ni tofauti: ukiukata, uso wa mkato wake ni bapa kuliko duara, nao hujisokota kila baada ya umbali mdogo sana, kwa hiyo pande zake zinazoelekea jua hubadilika kila mara. Utepe unavunjika na kuwa vitone vingi vidogo vya mwanga visivyo na safu. Zaidi ya hayo, nywele nyeusi zina rangi nyingi ndani yake inayomeza mwanga ulioingia, na kinachobaki kwa wingi ni ule mwali ulioakisiwa na ganda la nje, ambao hubeba rangi ya mwanga wenyewe. Chini ya anga wazi ya Kilwa rangi hiyo huegemea kwenye buluu. Wengi hutia kahawia au kijivu mahali pa mng'ao na kushangaa kwa nini kichwa kinaonekana kimejaa vumbi. Dawa yake ni kutia ubaridi kidogo wa buluu kwenye vitone vya juu, na kuuacha wekundu wa kahawia ukingoni tu, pale jua linapopenya nyuzi chache zilizochomoka.

Jua la Kivinje lina tabia nyingine isiyotajwa na vitabu vilivyoandikwa katika nchi za kaskazini. Mji uko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi, na kwa miezi mingine mingi halikengeuki mbali na hapo. Mwanga wa namna hiyo ukishukia kichwa kilichosukwa, huingia moja kwa moja ndani ya njia zilizopasuliwa kati ya msuko na msuko. Ngozi ya kichwa, hasa ikiwa imepakwa mafuta ya nazi, hung'aa kuliko nywele zenyewe, nayo misuko hubaki matuta meusi yenye kivuli chembamba pande zote mbili. Maana yake ni kwamba katika kichwa kilichosukwa, kitu kinachovuta jicho la mtazamaji kwanza ni njia. Ndiyo sababu anayeanza na nyuzi hushindwa: anatumia saa zote kwenye kitu ambacho jicho hukifikia mwisho, huku kile linachokifikia kwanza akikiacha kijitokeze kwa bahati tu.

Msusi hafanyi hivyo. Kwanza hukishika kichwa na kukigeuza, aone umbo la fuvu, mahali nywele zinapoanzia pajini na zinapoishia kisogoni, na wapi ni haba. Pili hupasua njia kwa chanuo au kwa kitana chenye mkia, na kwa kufanya hivyo anakuwa amekwisha kuamua mtindo mzima kabla ya msuko wa kwanza. Tatu huzigawa nywele kwa mafungu. Nne husuka, akichukua nywele mpya kila hatua ili msuko ushike kichwa. Mwisho hushughulikia pembezoni: laika za pajini, vinywele vya shingoni, ncha zilizobaki. Hatua hizo zikihamishwa zilivyo kwenye Krita, Photoshop au programu yoyote ya bei nafuu ya simu, zinakuwa tabaka tano za picha. Tabaka ya chini ni fuvu zima lenye rangi ya ngozi, bila unywele hata mmoja. Juu yake huchorwa njia, zikizunguka kwa kufuata mviringo wa kichwa na kukaribiana zinapoelekea mbali na jicho. Halafu hujazwa mafungu kwa rangi moja ya giza isiyo nyeusi kabisa, ili mng'ao na kivuli vipate nafasi. Kisha kila msuko hupewa vifundo vyake, na kila kifundo hupata tone lake la mwanga upande ulio juu. Nyuzi za mojamoja huja mwisho kabisa, chache tu, kwenye kingo. Kuzianza nyuzi kabla ya hapo ni kuezeka makuti kabla ya kupiga fito.

Kwamba utaratibu wa msusi ni maarifa ya kweli ya umbo, si mazoea ya vidole tu, kumethibitishwa na watu wa hesabu pia. Ron Eglash, aliyechapisha kitabu African Fractals mwaka 1999, alionyesha kwamba msuko unaolala kichwani hujengwa kwa kulirudia umbo moja dogo ambalo kila mara husogezwa, huzungushwa kidogo na kupunguzwa au kukuzwa. Kutokana na hilo ilitengenezwa programu ya kufundishia hesabu, ambamo mwanafunzi huweka vipimo hivyo na kuona msuko ukijisuka kwenye skrini. Kusogeza, kuzungusha na kubadili ukubwa ndizo amri tatu za msingi za programu yoyote ya kuumba vitu, ikiwamo Blender, ambayo hutolewa bure. Hivyo anayetaka kuweka msuko kwenye mtu wa kidijitali hana haja ya kuuchora mara 40. Akiumba kifundo kimoja vizuri na kukirudisha juu ya mstari wa njia, kikipungua kinapokaribia paji, atakuwa amefanya kwa amri tatu kile ambacho msusi hufanya kwa vidole vitatu.

Ushahidi wa pili ni wa zamani zaidi na uko karibu. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huchonga vinyago vya mapiko, vinavyochezwa hasa wakati wa kutoka kwa vijana unyagoni, na vingi kati ya vinyago hivyo vilivyohifadhiwa katika makumbusho vimebandikwa nywele halisi za binadamu. Jambo la kuzingatia ni namna zinavyobandikwa. Mchongaji hamwagi nywele kichwani popote zitakapoangukia. Huzipanga kwa mipaka iliyo wazi, akifuata mtindo wa kunyoa: hapa mstari, hapa ngozi tupu, hapa kichaka kifupi. Mtu mwenye nywele za kweli mkononi angeweza kudhani kwamba ukweli wake umekwisha kupatikana, lakini mafundi hawa hawakuridhika na hilo. Walijua kwamba unywele halisi usio na mpangilio wa kinyozi haumfanyi mtu. Mchoraji wa kompyuta, ambaye nywele zake zote ni za bandia, ana sababu kubwa zaidi ya kulishika somo hilo.

Sasa tusikilize pingamizi. La kwanza ni kwamba picha za zamani zipo, basi mchoraji anakili tu. Picha zipo kweli. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi na kuzunguka bara yake akiwapiga picha Wayao, Wamakua na Wamakonde. Lakini dawa zilizopakwa kwenye vioo vya picha vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilihisi zaidi buluu, na hazikuhisi vyema wekundu na kahawia. Kahawia ya ngozi ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na nywele juu yake zikawa doa moja lisilo na njia wala kifundo. Anayenakili doa hilo ananakili upungufu wa kioo, kisha anauita historia. Isitoshe, waliopigwa picha mara nyingi hawakuchagua kupigwa, wala hawakupewa nafasi ya kutengenezwa nywele kwanza. Picha hizo zitumike kama ushahidi wa umbo la nje la kichwa na urefu wa nywele. Yaliyomo ndani ya doa atuambie msusi aliye hai, anayejua nywele za namna hiyo hukubali kupasuliwa vipi na hukataa nini.

Pingamizi la pili ni la nguvu za mitambo. Watu husema kichwa cha binadamu kina nywele takriban 100,000, kompyuta za leo zinaweza kuzibeba zote, na akili bandia huchora kichwa kizima kwa sekunde chache. Ya nini kuhangaika na njia na mafungu? Jibu ni kwamba hesabu kubwa haiwezi kuleta mpangilio ambao haikupewa. Nyuzi 100,000 zilizoelekezwa vibaya hukosea mara 100,000. Akili bandia nayo hutoa wastani wa picha ilizolishwa, na katika misuko udhaifu wake huonekana haraka: msuko mmoja huanza pajini na kuyeyukia katika mwingine, njia hukatika katikati ya utosi, mistari sita mbele inakuwa minane nyuma. Macho ya mtu asiyejua hupita. Mwanamke wa Kivinje aliyesukwa tangu utotoni ataona mara moja kwamba kichwa kile hakijawahi kukaa mapajani mwa mtu. Mitambo itumike kwa kazi yake, yaani kurudia na kujaza, baada ya binadamu anayejua kuamua njia zipite wapi. Filamu ya Soul ya mwaka 2020, ambayo Pixar iliipa kwa mara ya kwanza mhusika mkuu Mmarekani mweusi, ina tukio zima ndani ya duka la kinyozi, na vichwa vya pale vinasadikika kwa sababu kila kimoja kina historia yake ya mashine, wembe na kitana.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linatoka pwani kwenyewe. Kivinje ni mji wa Kiislamu; wanawake hujifunika ushungi na mtandio, wanaume huvaa kofia. Je, si ukosefu wa adabu kumfunua mtu kwenye skrini ili kuonyesha ustadi wa brashi? Pingamizi hili lina haki, na lisipuuzwe. Mwanamke aliyejistiri achorwe amejistiri. Lakini kujistiri hakuondoi haja ya kujua kilicho chini. Nguo hulala juu ya umbo: mtandio juu ya misuko iliyokusanywa kisogoni huinuka nyuma na kubana shingoni, juu ya nywele fupi hufuata fuvu, na kofia ya mwanamume aliyenyoa hukaa chini kuliko ya mwenye nywele. Wachoraji wengi huweka kitambaa juu ya kichwa kitupu, ndipo kikaonekana kimening'inia hewani. Mwenye kuzijua nywele ndiye anayeweza kuzificha kwa heshima.

La mwisho ni la wale wanaosema kwamba nywele ni jambo dogo katika mji uliobeba soko la watumwa, na ambao mwaka 1895 ulishuhudia Wajerumani wakimnyonga Hassan bin Omari Makunganya. Ningekubaliana nao kama wakoloni wenyewe wangeziona nywele kuwa jambo dogo. Hawakuziona hivyo. Eugen Fischer, mwanaanthropolojia wa Ujerumani aliyekwenda kuwachunguza watu wa Rehoboth nchini Namibia mwaka 1908, alitengeneza kipimo cha sampuli za rangi za nywele ili kuwapanga watu kwa mbari. Katika mikono ya watu wa aina yake, nywele ziligeuzwa alama ya kumpangia mtu cheo chake duniani. Programu inayomlazimisha kijana wa Kilwa kuchagua kati ya mitindo 30 ya singa na fundo moja jeusi lisilo na umbo haina nia ile mbaya, lakini humfikisha karibu na palepale: humwambia kwamba vichwa vya wengine vina sura nyingi, na cha kwake kina aina tu. Kumrudishia mtu wa Kivinje njia zake, mafungu yake na kingo zake ni kumrudishia ukweli kwamba alikuwa na ndugu, jirani au shoga aliyekaa naye kitako akamtengeneza, maana kinyozi hajinyoi.

Kutokana na hayo kuna kazi ya kufanywa, na haihitaji fedha nyingi. A.M. Darke ameanzisha maktaba ya wazi ya nywele za Kiafrika za kidijitali, mtu yeyote akachukue na kutumia. Pwani ya kusini inaweza kuwa na yake. Wasusi wa Kilwa, Lindi na Mtwara, kwa ridhaa na malipo, waombwe kuvionyesha vichwa hatua kwa hatua, vipigwe picha juani asubuhi, adhuhuri na alasiri, kutoka juu, nyuma na ubavuni, kila mtindo ukiandikwa kwa jina unaloitwa mtaani, na jina la msusi likibaki kwenye kazi kama jina la mwandishi linavyobaki kwenye kitabu. Wanafunzi wa sanaa wasome kwanza kupasua njia kwenye karatasi, kisha kwenye skrini. Na walimu wao wanaposahihisha, waache kuuliza kama nywele zinaonekana laini au zinang'aa. Waulize swali ambalo mchoraji hawezi kulijibu kwa brashi peke yake: kichwa hiki kilitengenezwa na nani, kwa hatua zipi, na muda gani umepita tangu hapo? Kazi inayojibu hayo itasadikika hata ikiwa na nyuzi chache, na isiyoyajibu haitaokolewa na kompyuta yoyote.